Jenereta Haikai Ndani

Hotuba iliyotolewa na fundi umeme mbele ya wakaazi na wafanyabiashara wa Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sala ya Alasiri. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu mliopo, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mafundi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma. Ahsanteni kwa kuja, na shukrani za pekee kwa mliofunga maduka mapema.

Nimeombwa nizungumze juu ya jenereta. Hebu nyoosheni mikono: nani hapa hana jenereta nyumbani wala dukani, na wala hana jirani mwenye jenereta? Mikono ni ya kuhesabu. Basi jambo hili ni letu sote.

Wengi wetu tulizinunua kwa dhiki. Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika, ukakaa takriban mwezi mzima. Tukasema yamepita. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii tulikaa gizani hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Kisiwa kizima kilikuwa kikitegemea waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba hapa Unguja, uliotandikwa tangu mwaka 1980. Mnakumbuka vichochoro vyetu wakati ule? Kila baraza ina mashine inanguruma, watu wanapigiana kelele ndio wasikilizane. Baadaye ukaja waya mpya, mkubwa zaidi, wa megawati 100, tukapumua. Lakini zile jenereta hazikuondoka. Zipo stoo, zipo chini ya ngazi, na kila umeme ukikatika zinatolewa na kuwashwa na mtu ambaye hakuna aliyemfundisha. Aliyemuuzia alimwonyesha kamba ya kuvuta na tundu la kutilia petroli, akamwambia kwaheri.

Naanza na lililo kubwa kuliko yote, na lau wakati utaniishia hapo hapo nitaondoka nimeridhika. Jenereta haikai ndani. Haikai sebuleni. Haikai jikoni. Haikai chini ya ngazi. Haikai dukani nyuma ya meza ya kuuzia. Haikai kwenye varanda za majumba ya Michenzani. Haikai ukumbini hata ukifungua milango yote. Haikai ndani.

Kwa nini? Kwa sababu injini ile inapounguza petroli hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu, haichomi macho. Watu huniambia, "Fundi, jenereta yangu mimi mpya, haitoi moshi hata kidogo." Mama yangu, moshi unaouona ni kitu kimoja na gesi hii ni kitu kingine. Mashine mpya kabisa, safi kabisa, inaitoa. Na haiitoi kidogo: jenereta moja unayoweza kuibeba kwa mkono inaweza kutoa gesi hii sawa na mamia ya magari.

Inaua vipi? Damu yetu ndiyo inayobeba oksijeni kuipeleka mwilini. Ichukulieni kama daladala: viti ni vile vile, haviongezeki. Kaboni monoksaidi inapanda mwanzo, inakaa, na haishuki upesi. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gari inakwenda, imejaa, lakini abiria anayengojewa na moyo na ubongo hamo. Mtu anaanza kuumwa na kichwa. Anapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, akili inamchanganyika. Anasema hii homa, au uchovu tu wa shughuli za mchana, acha nijinyooshe kidogo. Akilala, ndiyo basi. Aliyelala haamshwi na gesi hii.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya jenereta kufika. Nani hakukatazwa na bibi yake kulala na seredani ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa? Gesi ni hiyo hiyo moja. Bibi hakujua jina lake, lakini alijua kazi yake.

Nitakupeni kisa kimoja, na wenyewe wameniruhusu nikisimulie bila ya kuwataja. Nyumba ya ghorofa mbili humu humu mjini: chini duka, juu familia. Umeme ukakatika baada ya Isha. Mwenye duka, mtu mwema, hakutaka kuwakera majirani kwa kelele, akaiweka jenereta kwenye ujia wa ndani, chini ya ngazi, akaurudisha mlango wa nje. Dukani kwake mambo mazuri, feni inazunguka. Juu, mtoto mdogo akatapika. Wakasema chakula. Kisha mkubwa akalalamika kichwa. Kisha mama mwenyewe, alipoinuka kumshika mtoto, magoti yakakataa. Kilichowaokoa ni bibi mzaa baba aliyetoka kwa jirani kutazama harusi. Aliporudi akawakuta watu wanne wanaumwa maradhi mamoja saa ile ile, na paka amelala ubavu kizingitini hata akiguswa hanyanyuki. Bibi akasema, "Maradhi gani haya yanayompata mtu na paka pamoja?" Akapiga ukelele, watu wakaja, wakatolewa nje wote.

Lishikeni swali la bibi yule. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, na kuna mashine inaunguruma karibu, msingoje kupima malaria. Tokeni. Tokeni wote, hesabianeni nje, mashine izimwe. Aliyezirai mtoeni kwenye hewa safi na mpelekeni spitali hata kama amezinduka, kwa sababu kwenye hewa ya kawaida gesi hii huchukua saa nne mpaka tano kupungua nusu tu ndani ya damu. Akipewa oksijeni safi spitali, muda huo hushuka hadi kiasi cha saa moja na nusu. Na mkifika, neno la kwanza muwaambie madaktari: kulikuwa na jenereta. Lisemeni hilo, maana kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa na mtu anakufa. Hakiwezi kuitofautisha gesi hii na oksijeni.

Sasa, iwekwe wapi? Nje, mita sita au zaidi kutoka mlango wowote na dirisha lolote, ekzosi ikielekea kusiko na watu. Mita sita ni kama hatua nane za mtu mzima. Mlango na dirisha la nani? Lako na la jirani yako. Madirisha ya upande ule yafungwe.

Nawaona mnatazamana. Mnasema, huyu fundi anaishi mji gani? Kichochoro chetu mita mbili, nikisogea hatua nane nipo sebuleni kwa mtu. Ni kweli. Na ule uwanja wa ndani wa nyumba zetu za zamani, ambao juu unaona mbingu, wengi mnauhesabu kuwa ni nje. Si nje! Umezungukwa na vyumba pande zote nne, na madirisha yote yanaangalia humo. Gesi hii uzito wake unakaribiana na wa hewa. Haitulii chini ikangoja kufagiwa, inapanda na hewa na kuingia ghorofa kwa ghorofa. Barazani nako ni vile vile: baraza imegusana na mlango.

Kwa hiyo nasema wazi, na najua wengine halitawapendeza: kuna nyumba nyingi za Mji Mkongwe ambazo jenereta haizifai kabisa. Hata juu ya paa sikushaurini, kwa sababu ya mlango wa ngazi, na kwa sababu utapandisha madumu ya petroli ndani ya nyumba ya boriti na ngazi za mbao. Nyumba kama hizo wawekeze kwenye betri na inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, na paneli ya sola kama paa linaruhusu. Au majirani watano sita wachangie mashine moja ikae kwenye uwazi, ilindwe, na umeme uvutwe kwa waya mnene na fundi anayejua. Kelele zitapungua, na petroli itapungua.

Na feni je? Nikifungua dirisha nikaweka feni? Haisaidii. Watu wamekufa na madirisha yako wazi. Kama una uwezo, nunua kengele ya betri ya kugundua kaboni monoksaidi uitundike karibu na vyumba vya kulala. Si ile ya moshi. Hii ni nyengine, ulizeni kwa jina lake.

Jambo la pili ni umeme wa kurudi. Hapa nazungumza kama mtu aliyepanda nguzo.

Kuna waya mmoja mnaujua. Una plagi huku na plagi kule. Upande mmoja unachomekwa kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Rahisi! Fundi wa mtaani anautengeneza kwa dakika tano. Ndugu zangu mafundi mliopo hapa, nakuombeni kwa heshima zote: mtu akija kukutakeni waya huo, mkataeni, hata akiongeza pesa.

Usiku mmoja wa mvua za masika tawi la mwembe liliangukia njia ya umeme inayolisha nyumba chache. Mwenzangu akapanda. Njia imekatika, imezimwa, kila mtu anajua imekufa. Yeye alikuwa na tabia moja niliyoipenda: hagusi waya mpaka aupime, hata kama ameuzima kwa mkono wake mwenyewe. Akapima. Waya uko hai. Akapima tena. Uko hai. Akashuka, uso umembadilika, akasema, "Zimeni tochi, nyamazeni, sikilizeni." Tukanyamaza. Mvua ilikuwa imepungua, matone tu ya majani. Tukaisikia kwa mbali, uwani kwa mtu, dudududu. Tukaenda kubisha. Mwenye nyumba alikuwa anakula na wanawe, akatukaribisha chakula. Hakuwa na habari kwamba umeme wake umetoka kwenye soketi, ukapita kwenye mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, ukapanda nguzoni hadi mikononi mwa mtu.

Na ule ulikuwa waya wa volti 230 tu. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Umeme wa gridi ukija inaushusha; umeme wa jenereta yako ukiingilia mlango wa nyuma inaupandisha hadi maelfu ya volti kwenye njia kubwa. Aliye juu pale hana muda hata wa kushtuka. Yeye ni baba wa watu, ametoka usiku wa mvua ili wewe upate taa.

Hasara kwako nayo ipo. Umeme wa shirika ukirudi ghafla na jenereta yako imechomekwa vile, vinakutana. Hapo mashine huungua, na nyumba huenda ikaungua nayo. Na mtoto akiichomoa plagi ile kutoka ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, zile pini za shaba zilizo wazi mkononi mwake zina umeme kamili.

Mtu atauliza, nikizima meni swichi kwanza? Leo utakumbuka. Siku ya harusi, watu wamejaa, giza, mtoto analia, utakumbuka? Au atawasha shemeji ambaye hukumwambia? Dawa yake ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi wanaiita chenjova. Ina upande wa shirika, upande wa jenereta, na sifuri katikati; pande mbili haziwezi kuwashwa kwa pamoja hata ukitaka. Ifungwe na fundi mwenye leseni, na waya wa ardhi wa nyumba, unaoupeleka chini umeme unaovuja, upimwe siku hiyo hiyo. Kama huna pesa ya chenjova leo, chomeka vyombo vyako moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nene, iliyokunjuliwa yote. Ekstensheni iliyobaki imezungushwa kwenye kigurudumu chake hupata moto ndani, na mpira wake huyeyuka.

La tatu ni kuitumia ikufae, maana petroli ni pesa. Hapa nitamsemea mama mmoja anayeuza malai na barafu. Alinunua jenereta, imeandikwa pembeni 2.5 kwa tarakimu kubwa, akaambiwa inabeba friji lake na zaidi. Akiwasha, taa zinafifia, friji linatoa mlio wa kukoroma kisha linazima. Mara ya tatu kompresa ikaungua. Akalia jenereta bovu. Ilikuwa nzima. Ile 2.5 ilikuwa kVA, kipimo cha uwezo wa jenereta ambacho si sawa na kilowati, na tena ya kilele, ambayo mashine inaimudu kwa muda mfupi tu. Ukisoma kibandiko vizuri, ya kudumu ilikuwa chini yake, na kwa wati ni kama asilimia 80 ya hiyo. Na chombo chenye mota, iwe friji, pampu ya maji au ea kondishina, wakati wa kuanza kinataka umeme mara tatu au zaidi ya kile kinachotumia kikishazoea. Friji lake lilikuwa linaanza pamoja na friji jengine, birika la umeme na televisheni. Birika peke yake hula karibu wati 2000!

Tulimpangia hivi. Mashine iwashwe ikiwa haina kitu, iachwe dakika chache ipate moto. Kisha friji kubwa peke yake, lianze, litulie. Kisha la pili. Mwisho taa na simu. Birika na pasi havihusiki kabisa. Kuzima ni kinyume chake: chomoa vyombo kwanza, iache ipoe kidogo, ndipo uzime. Na mzigo wote usizidi robo tatu ya uwezo wake wa kudumu.

Kisha nikamuuliza, kwa nini unaiwasha usiku kucha? Friji la kugandishia lililojaa, lisipofunguliwa, huweka baridi yake hadi saa 48; lililojaa nusu, saa 24. La kawaida, kiasi cha saa nne. Kwa joto letu, na kwa mlango unaofunguliwa na watoto, punguzeni. Lakini bado huna haja ya kuunguruma usiku kucha. Saa chache asubuhi, saa chache jioni, mlango ufungwe, nafasi tupu zijazwe chupa za maji zigande. Jenereta ya ukubwa ule huweza kunywa karibu lita nzima ya petroli kwa saa, na ikibeba taa mbili tu bado inakunywa. Mama yule alipofuata mpango huu alinunua kompresa mpya kwa petroli aliyoiokoa.

Petroli yenyewe nitaisema kwa ufupi, kwa sababu haina mjadala. Usiongeze petroli mashine ikiwa inafanya kazi, na usiongeze ikiwa bado moto. Kijana mmoja kwenye shughuli ya maulidi aliona aibu kuwazimia watu taa katikati ya kaswida, akamimina kizani huku inaunguruma. Ilimwagikia ekzosi. Mikono yake mnaiona mpaka leo akikupeni salamu. Izime, ngoja robo saa, ndipo umimine. Watu watakaa kizani robo saa, hawatakufa. Na petroli haiwekwi kwenye chupa ya maji wala ya soda; mtoto mwenye kiu hasomi. Iwekwe kwenye dumu lake, nje ya nyumba, mbali na jiko, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini kuutafuta moto.

Mvua ikinyesha msiiingize ndani. Jengeni kijipaa kilicho wazi pande zote. Msiiguse na mikono mibichi.

Oili pimeni kila kabla ya kuwasha. Ya mashine mpya ibadilishwe baada ya saa 20 hivi za mwanzo, kisha kama kitabu chake kinavyosema. Hewa yetu ya chumvi inakula soketi na nyaya, zikagueni. Ikiwa haitumiki muda mrefu, fungeni bomba la petroli muiache izime yenyewe, kabureta isigande uchafu.

Limeletwa swali kwa kikaratasi: "Nyumba yetu ya kupanga, mwenye nyumba ameweka jenereta chini ya ngazi na sisi tupo juu. Tukimwambia anatuona wakorofi. Tufanyeje?" Msiende peke yenu. Nendeni kwa sheha, na mimi niko tayari kufuatana nanyi, hata kesho baada ya Alasiri. Ikiwashwa kabla ya hapo, shukeni na watoto mkae nje, mbali na mlango, mpaka izimwe, hata iwe saa nane ya usiku.

Sasa tutokeni uwanjani. Vijana wameitoa mashine, na chenjova iko juu ya meza, iguseni, ulizeni bei. Kila mmoja apime hatua zake nane kutoka dirishani, tuone zinafika wapi.

Wassalaam alaykum.